Kiwavi, Nyigu na Uhaba wa Majina: Historia ya Utambuzi katika Mashamba ya Kakamega

Mkulima wa Kakamega apasuapo bua la muhindi ulionyauka hukuta moja kati ya mambo mawili. Mara nyingi hukuta kiwavi mnene, mweupe wa kufifia, akiendelea kula njia yake ndani ya bua. Mara nyingine hukuta kiwavi aliyelegea au aliyekwisha kufa, na kando yake rundo la vitu vidogo vyeupe, mithili ya punje za mchele zilizofungwa pamoja kwa pamba. Ni rahisi kuviita vitu hivyo mayai. Na maadamu vimekwisha kuitwa mayai, na aliye karibu navyo ni kiwavi, inaonekana dhahiri kwamba ni mayai ya kiwavi, nayo husagwa kwa kidole gumba ili kizazi cha adui kikatike.

Kwa hakika si mayai, wala si ya kiwavi. Kiwavi hatagi, atagaye ni nondo, na nondo wa mabua ya muhindi huyaficha mayai yake baina ya ala ya jani na shina, si ndani ya tundu. Vile vyeupe ni vifukofuko vya nyigu mdogo mweusi ambaye urefu wake ni wa milimita chache tu. Huyo ndiye aliyemuua kiwavi. Anayevisaga vifukofuko humwangamiza msaidizi wake akidhani amemwangamiza mharibifu. Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya kosa hilo, na kuonyesha kwamba chanzo chake kimo katika majina kuliko katika macho.

Kosa lenyewe halikuzaliwa Kakamega, wala si la wasiosoma. Ulisse Aldrovandi, mwanachuoni mashuhuri wa Bologna, alipochapisha kitabu chake juu ya wadudu mwaka 1602, alieleza vitu vidogo vilivyotoka katika mwili wa kiwavi wa kabichi, naye pia akavidhania kuwa ni mayai. Karne moja ilipita kabla ya Antonio Vallisneri, Mwitalia mwenzake, kueleza kwa usahihi mwaka 1706 kwamba nyigu hutaga ndani ya kiwavi, watoto wake wakakua humo, kisha wakatoka na kujifuma vifukofuko. Karne nzima, na katika nchi iliyokuwa na vyuo vikuu. Hapana sababu, basi, ya kumcheka mwenye jembe.

Uchina nako kulizuka kosa la namna nyingine, nalo linawahusu wanalugha zaidi kwa kuwa liliingia katika msamiati. Nyigu ajengaye kiota cha udongo ukutani, ambaye anajulikana pia kote Afrika ya Mashariki, huwabeba viwavi na kuwatia kiotani. Wachina wa kale waliona kwamba viwavi huingia na nyigu hutoka. Wakasadiki kuwa nyigu hana watoto wake mwenyewe, bali huwachukua watoto wa wengine na kuwalea mpaka wafanane naye. Kutokana na imani hiyo, jina la kiwavi yule likawa ndilo jina la mtoto wa kulea. Tao Hongjing, tabibu na mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 456 na kufariki mwaka 536, alichungua viota hivyo akabaini kwamba nyigu hutaga mayai yake mwenyewe, na viwavi ni chakula tu cha watoto watakaozaliwa. Ukweli ulijulikana, lakini neno halikubadilika, wala hapakuwa na haja ya kulibadilisha. Neno likishakaa mahali pake halihami kwa sababu tu ya ushahidi.

Sayansi ya Ulaya yenyewe, ingawa ilikuwa imekwisha kuyaelewa matendo ya nyigu huyu tangu Vallisneri, ilikaa miaka zaidi ya mia mbili bila neno mahsusi la kumtaja. Aliitwa kwa jina lile lile la kupe na minyoo ya tumboni. Mwaka 1913 ndipo Odo Morannal Reuter, msomi wa Ufini, alipobuni neno parasitoidi. Hoja yake ilikuwa wazi: kupe hunyonya na kumwacha mwenyeji wake hai, na simba huua na kula mara moja; lakini nyigu huyu hamwachi hai mwenyeji wake, wala hamuui upesi. Humla polepole kwa ndani, akiviacha viungo vya uhai hadi mwisho, kisha humuua bila ya shaka yoyote. Kiumbe cha namna hiyo hakimo katika mojawapo ya mafungu mawili yaliyotangulia, kwa hiyo kilistahili jina lake.

Kiswahili kingali pale Ulaya ilipokuwa kabla ya mwaka 1913. Maneno yaliyopo ni kimelea na kidusia. La kwanza linatokana na kitenzi -mea katika kauli ya kutendea: kumelea ni kuota juu ya kitu kingine, kama ukungu juu ya mkate au mmea juu ya tawi la mti wa watu. Ni neno zuri kwa ukungu. Kwa nyigu linapotosha, kwani nyigu haoti juu ya chochote. Huja akiruka, huchoma, hutaga, huenda zake. Neno la pili lina harufu ya mdoezi, yule aendaye kwa watu saa ya chakula bila kualikwa. Lakini mdoezi hata akiwa sugu hamuui mwenye nyumba. Akifanya hivyo kesho atadoea kwa nani? Maneno yote mawili yanabeba maana ya kuishi kwa mgongo wa mwingine, na yote mawili hayana mauti ndani yake. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa katika kuipa sayansi istilahi za Kiswahili, lakini mahitaji ya shule za sekondari na mahitaji ya shamba hayakuwa mamoja.

Neno kiwavi nalo lina historia yake. Katika kamusi za zamani halikuwa jina la mdudu peke yake. Lilitaja pia mmea uwashao ukiguswa, na yule mnyama wa baharini mwenye mwili kama utando ambaye humchoma muogaji. Sauti yake inakaribiana na kitenzi -wawa, yaani kuwasha. Kwa mtu wa pwani, basi, kiwavi alikuwa kwanza kitu kiwashacho: kiwe majini, kiwe kichakani, kiwe na miguu au kisiwe nayo. Mdudu mwenye manyoya yawashayo aliingia katika kundi hilo kwa haki. Kiwavi laini asiye na unywele, yule wa muhindi au wa sukuma wiki, aliingia baadaye kwa kufuatana na mwenzake tu. Neno lilipanda bara likiwa limekwisha kupanuka, likawakuta wakulima ambao lugha zao, Kiisukha, Kiidakho, Kikabrasi na nyinginezo za Kiluhya, zilikuwa na mgawanyo wake tofauti kabisa. Ndipo likafanywa kuwa jina la wote.

Si kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. Tanzania Bara kuna sota, akataye miche usiku karibu na udongo na kujificha mchana. Kuna funza wa vitumba, atoboaye pamba na nyanya. Kuna bungua, apekechaye mabua. Majina hayo yamejengwa juu ya kitendo au mahali, na kwa hiyo yanamwambia msikiaji wapi pa kutazama. Linganisha na nondo mgongo-almasi, jina lililopewa mdudu mdogo alaye kabichi na sukuma wiki. Hilo ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka lugha ya kigeni, na mkulima aliyeambiwa atafute almasi mgongoni mwa nondo wa milimita nane ana haki ya kumtilia shaka bwana shamba wake. Tatizo ni kwamba majina yale mazuri hayakusambaa sawasawa. Magharibi ya Kenya yote huwa viwavi, au funza, na mara nyingi wadudu basi.

Uzito wa jambo hili ulionekana zaidi pale wataalamu walipojaribu kumtumia nyigu kwa makusudi. Baina ya mwaka 1968 na 1972 aina tisa za wadudu wa namna hii zililetwa Afrika ya Mashariki kutoka nje na kuachiliwa dhidi ya bungua wa mabua. Hakuna hata aina moja iliyostawi. Mwaka 1970 Thomas Odhiambo alianzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, kijulikanacho kwa kifupi kama ICIPE, na ni kituo hicho kilicholirudia jaribio lile mwaka 1993. Kilimwachilia katika mashamba ya pwani ya Kenya nyigu Cotesia flavipes aliyetoka Pakistan. Adui aliyelengwa alikuwa Chilo partellus, bungua aliyeingia Afrika kutoka Asia kabla ya katikati ya karne ya 20. Safari hii nyigu alikaa, akazaana, na Chilo wakapungua.

Ingekuwa jambo la kawaida kuuliza kwa nini asipelekwe pia Kakamega. Jibu lake linahusu utambuzi moja kwa moja. Katika nyanda zenye mvua nyingi za magharibi bungua mkuu si Chilo, bali Busseola fusca, mwenyeji wa Afrika. Cotesia flavipes humchoma Busseola na kutaga ndani yake kama kawaida, lakini mayai hayaanguliwi: chembe za damu ya kiwavi huyazingira na kuyafisha. Nyigu amepoteza mayai yake, na kiwavi anaendelea kula. Kwa anayetazama kwa nje, nyigu amefanya kazi. Kwa muhindi, hakuna kilichofanyika.

La ajabu zaidi ni habari za nyigu wa kienyeji. Yeye ni Cotesia sesamiae, aliyeelezwa na Cameron mwaka 1906 na kuitwa Apanteles kwa miaka mingi, hadi Mason alipolipasua kundi hilo kubwa mwaka 1981. Hivyo anayesoma taarifa za kilimo za miaka ya 1970 akitafuta jina la sasa hatalikuta. Mwaka 1995 Ngi-Song na wenzake walionyesha kwamba nyigu wa jina hilo waliokusanywa pwani hawawezi kukua ndani ya Busseola, ilhali wenzao wa bara, wa upande wa Kitale, hukua bila taabu. Ni mwili ule ule, rangi ile ile, vifukofuko vile vile vyeupe. Tofauti imo katika virusi ambavyo nyigu humdunga kiwavi pamoja na mayai ili kuzima kinga yake: vya bara vinaweza kuizima kinga ya Busseola, vya pwani haviwezi. Jina la Kilatini lilikuwa moja, na kwa miongo mingi lilikuwa limefunika viumbe wawili wenye tabia mbili. Mwanalugha anayefahamu namna lahaja mbili zinavyoweza kuandikwa kwa tahajia moja hatashangaa sana. Lakini kama mtu angechukua nyigu wa Mombasa na kuwaachilia Kakamega kwa kutegemea jina tu, angekuwa amefanya kazi ya bure.

Mwaka 1997 Khan na wenzake walichapisha utafiti mwingine uliofanywa Kenya. Nyasi ziitwazo Melinis minutiflora zikipandwa baina ya mistari ya mihindi hutoa harufu inayowafukuza nondo na wakati huo huo inawavuta nyigu, hasa Cotesia sesamiae. Utafiti wa namna hiyo ndio uliozaa kilimo cha sukuma-vuta, ambamo desmodiamu hupandwa kati ya mihindi na mabingobingo pembezoni mwa shamba. Kilimo hiki kimeenea katika kaunti za magharibi, Kakamega na Vihiga zikiwamo. Hapa angalau jina limefaulu. Limetumia vitenzi viwili vya kila siku, na asiyejua kusoma hulielewa.

Kisha ukaja mwaka 2017. Kiwavi mgeni, Spodoptera frugiperda wa asili ya bara la Amerika, aliyeonekana Afrika ya Magharibi mwaka uliotangulia, alithibitishwa nchini Kenya, na kanda ya magharibi ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika mapema. Aliitwa kiwavijeshi. Jina hilo lilikuwa na mwenyewe tayari: Spodoptera exempta, mwenyeji wa Afrika ya Mashariki, ambaye hutokea ghafla baada ya mvua, huandamana kwa makundi makubwa mchana kweupe na kufyeka nyasi na nafaka. Huyo kweli ni jeshi. Mgeni haandamani hivyo. Hujificha ndani ya moyo wa muhindi na kula humo, akiacha kinyesi mfano wa vumbi la mbao. Tena akipatana na mwenzake mahali finyu humla. Aliyesikia tangazo la kiwavijeshi akangoja kuona jeshi likivuka barabara alichelewa, na muhindi wake ulikuwa umekwisha kuliwa moyo. Tanzania iliongeza kivumishi, ikamwita kiwavijeshi vamizi. Ni afadhali, ingawa uvamizi ni habari ya alikotoka, si ya anakokaa. Alama zake za kweli ni mbili: kichwani mchoro mweupe wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Katika alama hizo hakuna hata moja iliyoingia katika jina.

Nyigu wa Afrika, kwa upande wao, hawakungoja mgeni apewe jina. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wadudu wa kienyeji walikuwa wamekwisha kuanza kumshambulia. Nchini Kenya nzi aitwaye Palexorista zonata aliongoza, akiwaua asilimia 12.5 ya viwavi. Nyigu Charops ater na Coccygidium luteum walikuwa wa kawaida Kenya na Tanzania. Ethiopia aliyetawala alikuwa Cotesia icipe, nyigu aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 2017 tu kwa heshima ya kituo kile cha Nairobi. Hapo kazi ya utambuzi inazidi kuwa ngumu. Kifukofuko cha Charops hakifanani na punje ya mchele: ni kipipa kidogo chenye mabaka meusi na meupe, kinachoning'inia kwa uzi mmoja. Cotesia icipe hutoka mmoja mmoja, si kwa rundo. Na baadhi ya nzi wa jamii ya Palexorista hubandika juu ya ngozi ya kiwavi vitu vyeupe ambavyo, safari hii, ni mayai kweli, ila si ya nondo. Yule aliyefundishwa kwamba cheupe si yai atakosea tena.

Baadhi ya wahamasishaji wamejaribu kulimaliza tatizo kwa kuwaita hawa wote wadudu rafiki. Jina hilo lina joto, na limeokoa vifukofuko vingi bila shaka. Lakini Kakamega yenyewe inalikataa. Ndani ya msitu wa Kakamega, juu ya miti ya Bridelia micrantha, huishi kiwavi Anaphe panda, ambaye hujifuma kiota cha hariri pamoja na ndugu zake. Watafiti wa ICIPE walifanya kazi miaka kadhaa kuwaonyesha wakazi wa kandokando ya msitu namna ya kumfuga ili hariri yake iwapatie fedha bila kukata miti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalieleza jinsi vifuko vya wavu vilivyofungwa juu ya matawi vilivyowaokoa viwavi hao dhidi ya maadui, wakiwamo wadudu hawa tunaoambiwa ni rafiki. Kwa mfugaji wa hariri kiwavi ni mali, na anayemchoma ni mwizi. Familia moja inaweza kuwa na muhindi nyuma ya nyumba na kiota cha hariri ukingoni mwa msitu. Urafiki si sifa ya mdudu. Ni sifa ya shamba analotua.

Kwa hiyo linahitajika jina la kitendo. Mlowezi lingeeleweka upesi katika nchi hii, kwani huyu naye huja kutoka mbali, akaingia katika mali ya mwingine na kuimaliza. Lakini pengine lingeeleweka kupita kiasi, na darasani lingezusha mjadala mwingine. Mpandikizi linafaa zaidi. Kupandikiza ni kutia kitu ndani ya kingine ili kikue humo, na hivyo ndivyo nyigu afanyavyo. Lina upungufu mmoja, kwamba nalo halitaji kifo. Lakini kinachokufa kinaonekana kwa macho, na jina halilazimiki kusema kila kitu. Kwa kifukofuko hakuna haja ya kubuni chochote: neno lipo katika kamusi, ila halijatoka humo kwenda shambani. Anayetaka kulihakikisha na atie rundo jeupe ndani ya chupa, aifunge mdomo kwa kitambaa chepesi, aiache kivulini kiasi cha wiki moja. Mayai ya nondo yatatoa viwavi wadogo kama uzi. Vifukofuko vitatoa nyigu.

Nzi ndiye anayesalia nje ya mpango huu. Yeye hapandikizi, yai lake hukaa juu ya ngozi mpaka mtoto atoboe mwenyewe na kuingia. Huyo ni mbandikizi. Konsonanti moja tu inatenganisha vitendo viwili, na katika matamshi ya baadhi ya Waluhya, ambao lugha zao haziitumii tofauti ya p na b kama Kiswahili sanifu kinavyoitumia, huenda hata hiyo moja isisikike.